Kundi la Simu, Kikao cha Nyumbani au Mwenza Mmoja: Msaada Upi Unamfaa Mwenye Siliaki Nairobi?

Mtu aliyegunduliwa kuwa na ugonjwa wa siliaki hatoki kliniki na mfuko wa dawa. Hutoka na agizo la kutokula tena ngano, shayiri wala nafaka iitwayo rai maisha yake yote, na agizo hilo halitekelezwi hospitalini bali jikoni, sokoni, kazini wakati wa chai ya saa nne, na nyumbani kwa wakwe ambako chapati ndizo heshima ya mgeni. Ndiyo maana katika ugonjwa huu watu wenye hali moja hufaana kwa namna ambayo daktari, hata awe hodari vipi, hana nafasi ya kuifikia. Mimi nimeishi na ugonjwa huu Nairobi kwa miaka saba, na katika miaka hiyo nimejaribu kundi la WhatsApp, vikao vya ana kwa ana, mwenza mmoja wa kushauriana naye, mashirika ya nje ya nchi na darasa la mtaalamu wa lishe hospitalini. Njia hizi hazilingani, wala hazimfai kila mtu kwa kiwango kimoja, na aliyechagua vibaya anaweza kuendelea kuumia huku akidhani anasaidiwa.

Inafaa kwanza tukubaliane tunazungumzia nini. Siliaki si mzio wa ngano, wala si tumbo la kuchagua chakula. Kinga ya mwili, inapokutana na gluteni, ambayo ni protini iliyomo katika zile nafaka tatu, hugeuka na kushambulia utando wa utumbo mwembamba, hata vile vijinyweleo vinavyofyonza chakula vikabapa. Mgonjwa anaweza kula akashiba na bado akakonda, akapungukiwa damu, mifupa ikadhoofika, mimba zikaharibika, au mtoto akadumaa. Karibu wagonjwa wote wana jeni ziitwazo HLA-DQ2 au HLA-DQ8, na mzazi, mtoto au ndugu wa tumbo moja wa mgonjwa ana uwezekano wa takriban mmoja kwa kumi wa kuwa nao. Inakadiriwa kwamba duniani mtu mmoja kati ya 100 anao, na miongoni mwa watoto wa Kisahrawi, watu wenye asili ya Sahara ya Magharibi, walipatikana zaidi ya watano katika kila 100, kwa hiyo dhana kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu haina msingi. Dhana hiyo iliniponza. Kwa muda mrefu nilitibiwa taifodi, kisha amiba, kisha nikapewa vidonge vya kuongeza damu mwezi baada ya mwezi, na hakuna aliyeuliza kwa nini damu haiongezeki.

Yapo maswali mawili ambayo ningemwomba kila mtu ayaulize kabla ya kujiunga na kikundi chochote, kiwe cha simu au cha viti. La kwanza ni kwamba waliomo ni akina nani. Vikundi vingi vinavyojiita vya wasiokula ngano huwachanganya wenye siliaki, wenye mzio wa ngano, wenye matumbo yanayosumbuliwa na ngano bila kuharibika, na wanaotaka tu kupunguza unene. Wote hao wana haki ya kukutana, lakini ushauri wao haubadilishani. Anayejikinga na unene anaweza kula kipande cha keki kwenye harusi asipate dhara lolote, naye atakuambia kwa moyo mweupe kwamba kidogo hakiumizi; kwa mwenye siliaki makombo hayo yanatosha kuuchokoza utumbo hata kama hatasikia maumivu siku hiyo.

Swali la pili ni kwamba kikundi humwambia nini mtu ambaye bado hajapimwa. Wakimwambia, "Acha ngano wiki mbili uone," basi hata kama nia ni njema wanamfungia mlango. Kipimo cha damu kinachotafuta kingamwili za tTG-IgA, na hata kile cha kamera kinachoteremshwa tumboni ili kunyofoa vipande vidogo vya utumbo, huhitaji mtu awe bado anakula gluteni kama kawaida. Akishaacha, utumbo huanza kupona, kingamwili hushuka, na majibu yanaweza kuonyesha kwamba hana ugonjwa ambao anao. Kikundi kinachomwambia ndugu huyo aendelee kula mkate wake mpaka apimwe ndicho kinachoelewa kazi yake.

Kundi la WhatsApp

Hii ndiyo njia ambayo wengi huifikia kwanza, kwa kuwa simu iko mkononi na kujiunga hakudai nauli. Ubora wake mkubwa ni wepesi. Siku moja nilisimama katika duka moja la Ngara nikiwa nimeshika kopo la mvuje, nikitaka kupika dengu kama jirani yangu wa Kihindi alivyonielekeza. Nilipiga picha maandishi ya nyuma ya kopo nikayatuma kundini, na kabla sijafika kwa mwenye kupokea pesa, bwana mmoja anayeishi Parklands alikuwa amekwisha kunijibu kwamba mvuje wa unga mara nyingi huchanganywa na unga wa ngano, na kwamba nitafute ule uliochanganywa na unga wa mchele. Hakuna daktari ambaye ningempata upesi hivyo kwa swali dogo kiasi hicho, na maswali ya siliaki mengi ni madogo kiasi hicho. Niseme pia kwamba familia za Kiasia za Nairobi ni hazina kwa watu wenye hali yetu, kwa sababu jikoni kwao unga wa dengu, wa mchele, wa mtama na wa mawele ni vitu vya kila siku, na maduka wanayoyategemea huuza vyote hivyo.

Hata hivyo wepesi huo huo ndio ulionitia hasarani. Mwaka wangu wa kwanza niliuliza kundini kama uji wa mtama na wimbi unanifaa. Walijibu watu zaidi ya kumi kwamba unafaa, na walisema kweli, kwani mtama, wimbi, mawele, mahindi, mchele na mihogo havina gluteni kwa asili. Nikanunua nafaka zangu, nikazichagua, nikazipeleka kwenye mashine ya kusaga ya mtaani kwetu, nikanywa uji kila asubuhi kwa miezi mitatu. Tumbo likaendelea kujaa, vidonda vya mdomoni vikarudi, na kipimo cha damu cha ufuatiliaji hakikushuka kama daktari alivyotarajia. Dada mmoja wa mtaa wa Umoja, ambaye alikuwa kimya siku zote, ndiye aliyeniandikia pembeni: "Dada, unga wako ulisagwa wapi?"

Jumamosi iliyofuata nilirudi kwenye ile mashine, nikasimama kando nikitazama. Mama aliyenitangulia alikuwa ameleta mchanganyiko wa uji wa mwanawe, mahindi na wimbi na soya na ngano, vyote katika debe moja. Mashine ilipomaliza, kijana aliukung'uta mara mbili ule mfuko wa kitambaa unaofungwa kwenye mdomo wa mashine, kisha akamwaga nafaka ya mtu aliyefuata. Kitambaa kilikuwa kimeiva weupe wa unga, na kwenye kingo za chuma unga wa wateja waliotangulia ulikuwa umeganda tabaka juu ya tabaka. Kijana yule hakuwa na kosa lolote, kwa maana kazi yake ni kusaga. Wala wenzangu wa kundini hawakunidanganya. Walijibu swali nililouliza, lakini katika wote hao ni mmoja tu aliyeliona jiko langu kwa macho ya moyo na kuuliza swali ambalo sikuwa na elimu ya kuliuliza.

Kutokana na tukio hilo nikapata kipimo ninachokitumia mpaka leo kupima msaada wa aina yoyote: je, wanajibu tu, au nao huuliza? Kundi lenye watu wawili watatu wanaouliza maswali ya kurudi, unga ulisagwa wapi, mafuta ya chipsi yalikaangiwa nini kabla, mchuzi ulikolezwa na nini, lina thamani kuliko kundi la mamia wanaojibu "salama" kwa kidole gumba.

Kuna kasoro nyingine za kundi la simu ambazo hazihitaji maneno mengi. Picha ya pakiti iliyosambazwa miaka miwili iliyopita huendelea kuzunguka ilhali mtengenezaji anaweza kuwa amebadilisha viungo. Wachuuzi wa dawa za kusafisha tumbo hujipenyeza, na msimamizi asiyewaondoa siku hiyo hiyo hastahili kuaminiwa. Kuhusu siri, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti, lakini sheria haitakulinda na binamu wa mwajiri wako aliyemo kundini na aliyesoma kwamba ulilazwa, kwa hiyo usiandike huko jambo ambalo hungependa lifike ofisini.

Kikao cha ana kwa ana

Kikao kinagharimu. Anayetoka Rongai kwenda Kasarani Jumamosi alasiri hutumia nauli mbili na saa nyingi, na mvua ikinyesha huenda asifike. Wanaohudhuria mara kwa mara ni wale wenye nguvu, ilhali mgonjwa mpya aliyepungukiwa damu, ambaye ndiye anayekihitaji zaidi, hana nguvu za kupanda matatu mbili. Nimeona vikao vikianza na watu kumi na wanne na kubaki na wanne baada ya miezi michache, na sidhani kwamba ni kwa sababu watu hawana utu.

Pamoja na hayo, yapo mambo ambayo hayapiti kwenye simu. Nilijaribu kupika chapati za unga wa mchele kwa kufuata maelezo ya maandishi mara sita, na mara zote sita zilivunjika vipande juu ya kikaango, kwa kuwa gluteni ndiyo inayoushika unga wa ngano na bila hiyo hakuna cha kuushika. Katika kikao kimoja huko South B, mama mmoja mtu mzima alinisimamisha kando ya jiko lake. Alichemsha maji yenye chumvi na kijiko cha mafuta, akamimina unga ndani ya maji yaliyokuwa yakitokota, akausonga haraka kama ugali laini, akaufunika. Ulipopoa kiasi cha kuweza kushikika, aliukanda kwa kiganja huku akiniambia niweke mkono wangu juu ya wake. Hapo ndipo nilipoelewa, kwa ngozi si kwa maneno, unga unapaswa kuwa laini kiasi gani kabla ya kusukumwa katikati ya karatasi mbili zilizopakwa mafuta. Alituonyesha pia maganda ya isabgol, yale yanayouzwa madukani kwa ajili ya wenye kufunga choo, na jinsi kijiko kimoja kinavyoufanya unga uvutike. Chapati ya kwanza niliyoikunja bila kuvunjika niliila nikiwa nimesimama, na sioni haya kusema kwamba nililia.

Kwa watoto, kikao hakina mshindani. Mtoto wa miaka minane anayebeba kikontena chake peke yake darasani, na ambaye keki za siku za kuzaliwa humpita, hafarijiwi na kundi la simu la mama yake. Anafarijika akikutana na mtoto mwingine mwenye kikontena. Mzazi anayechagua kwa niaba ya mtoto asipoteze muda kulinganisha sana. Atafute familia mbili tu zenye mtoto wa rika hilo, na mandazi ya unga wa mihogo yapikwe pamoja. Wazazi hao ndio pia watakaokusaidia kuandika barua kwa shule, hasa shule ya bweni ambako maharagwe na githeri vinaweza kuwa salama vikiwa vimepikwa hivi hivi, lakini kijiko cha kupakulia kimetoka kwenye sufuria ya tambi.

Mambo ya ibada nayo huzungumzwa vizuri zaidi uso kwa uso. Katika kikao hicho hicho Mkatoliki mmoja alieleza jinsi alivyomwendea paroko wake. Kanisa Katoliki linadai hostia iwe ya ngano, na barua ya Vatikani ya mwaka 2017 ilikumbusha kwamba hostia isiyo na gluteni kabisa si halali, ilhali yenye gluteni kidogo inaruhusiwa, na muumini anaweza pia kukomunika kwa divai peke yake. Dada huyo alichagua divai, na akaomba apewe kikombe chake mwenyewe, kisiwe kile ambacho padre ametumbukiza kipande cha hostia. Mwislamu aliyekuwa karibu naye akasimulia futari ya Ramadhani, sambusa na kaimati zikiwa mbele ya kila mtu, na jinsi alivyozoea kubeba tende, viazi vya nazi na uji wake wa mchele msikitini bila kumwonea haya yeyote. Mazungumzo ya namna hiyo yanahitaji watu wanaotazamana.

Jambo moja la kuangalia: chakula kinacholetwa na kila mtu kwenye kikao cha wenye siliaki si salama kwa sababu tu aliyekileta ni mwenzako. Kikao kizuri humwomba kila aliyeleta sahani aandike kwenye karatasi kilichomo na mahali unga uliposagwa, na hakuna anayenuna akiulizwa.

Mwenza mmoja

Baada ya lile swali la unga, dada wa Umoja aliniomba nimtembelee, kisha naye akaja kwangu. Kwa muda wa mwaka mzima nilikuwa nampigia simu mara moja kwa wiki, Jumapili jioni, na yeye ndiye aliyejua majibu ya vipimo vyangu, aliyejua kwamba nilikula smoki, zile soseji za wachuuzi, barabarani siku niliyofutwa kazi, na aliyenikumbusha niwapeleke dada zangu wawili wapimwe. Msaada wa mtu mmoja una kitu ambacho wingi hauna, nacho ni kumbukumbu. Kundi halikumbuki ulichouliza Machi. Mwenza anakumbuka, na kumbukumbu hiyo ndiyo inayomwezesha kuona kwamba maumivu yako huja kila Jumatatu na kwamba kila Jumapili huwa unakula kwa shangazi.

Upungufu wake hutokana na jambo hilo hilo. Mwili wa mwenza wako si mwili wako. Dada wa Umoja hakuweza kunywa maziwa mwaka wake wa kwanza, jambo linalowapata wengi kwa muda wakati utumbo haujapona, naye akaniambia niyaache. Niliyaacha kwa miezi mingi bila sababu, mpaka mtaalamu wa lishe aliponiuliza nani aliyeniagiza. Vilevile mwenza huchoka. Ana watoto wake, ana siku zake mbaya, na anaweza kuhama au kunyamaza. Tulichojifunza sote wawili kwa kuchelewa ni kwamba mipaka huwekwa mwanzoni: siku gani tunazungumza, mambo gani hatujibiani (dawa, vipimo, ujauzito, mtoto anayepungua uzito), na nini kitafanyika mmoja akichoka. Mwenza mwema hukupeleka kwa daktari mapema kuliko unavyotaka kwenda.

Mtu mwenye aibu, au mwenye cheo kinachomfanya asitake kujulikana, au aliyelemewa na huzuni baada ya kuambiwa habari hizi, atafaidika na mwenza kuliko na kikundi chochote. Ugumu uko katika kumpata, na kwa kawaida hupatikana kupitia njia zile mbili za kwanza, kwa kumtazama yule anayeuliza.

Mashirika ya nje

Shirika la Coeliac UK lilianzishwa Uingereza mwaka 1968, na Celiac Disease Foundation lilianzishwa Marekani mwaka 1990. Kwa habari za kitabibu, yaani vipimo, mifupa, ujauzito, ufuatiliaji, mashirika ya aina hii yanashinda njia zote nilizozitaja, kwa sababu yanayoyachapisha hupitiwa na wataalamu. Mwenye kusoma Kiingereza na asiyeamini aliyoyasikia kundini ahakikishe huko kwanza.

Tatizo huanza pale mtu anapoyachukua maisha yao pamoja na habari zao. Katika makundi ya wanachama wao wanaojadiliana, mkate fulani husifiwa na nafaka fulani ya asubuhi hupendekezwa, na mgonjwa wa Nairobi huanza kutafuta bidhaa za bei ghali zilizoagizwa kutoka nje huku nduma, viazi vitamu, matoke, ugali na omena viko soko la jirani. Tena maandishi ya pakiti hayafuati sheria moja. Sheria ya Marekani ya mwaka 2004 kuhusu vyakula vyenye mzio inalazimisha ngano itajwe, lakini haikuwataka watengenezaji wataje shayiri wala rai kwa namna hiyo, kwa hiyo pakiti ya Kimarekani isiyotaja ngano mahali pa tahadhari inaweza kuwa na kimea cha shayiri ndani yake. Katika Umoja wa Ulaya na Uingereza nafaka zote zenye gluteni hutajwa na kukolezwa wino. Alama ya "bila gluteni" kwa kiwango cha Codex, kamati ya viwango vya chakula ya FAO na WHO, ina maana kwamba hakuna zaidi ya miligramu 20 za gluteni katika kilo moja ya chakula. Hayo yote ni ya kujua kwa mtu anayesoma pakiti. Lakini kibanda cha chipsi cha Tom Mboya Street hakina pakiti, na mtu wa London hawezi kukuambia kama mafuta yale yalikaangiwa soseji asubuhi.

Darasa la mtaalamu wa lishe

Si kila hospitali ina kikao cha wagonjwa wa siliaki, na pale kilipo hufanyika saa za kazi, watu wakiwa wamekaa kwa mistari wakimsikiliza mtu mmoja. Haitoshi kuitwa kusaidiana. Hata hivyo ni mahali pekee ambapo makosa ya kundi husahihishwa na mtu aliyesomea, na hapo ndipo nilipoambiwa kuhusu maziwa. Ningemshauri kila mgonjwa ahudhurie angalau mara mbili, ya pili ikiwa baada ya miezi sita, akiwa sasa na maswali yake mwenyewe.

Wala wataalamu wasidhani kwamba maarifa husafiri upande mmoja tu. Daktari Mholanzi Willem Karel Dicke, aliyethibitisha kwamba ngano ndiyo inayowadhuru watoto wa siliaki na kuandika tasnifu yake mwaka 1950, inasimuliwa kwamba alikuwa amesikia miaka ya nyuma kutoka kwa mama mmoja kwamba mwanawe hupata nafuu mkate unapoondolewa. Wakati wa njaa ya majira ya baridi ya mwaka 1944 na 1945, mkate ulipokosekana Uholanzi, jambo hilo likazidi kuonekana. Kabla ya hapo watoto walikuwa wakilishwa ndizi kwa wingi, kwa lishe iliyotangazwa na Sidney Haas wa New York mwaka 1924, wakipata nafuu bila mtu kuelewa kwamba kilichowasaidia ni kile walichokuwa hawali.

Ni nani achague nini

Kwa mtu aliyepimwa mwezi huu na anayeishi Nairobi, ningeanza na mtaalamu wa lishe mara moja, kisha kundi la WhatsApp la hapa hapa nchini kwa miezi miwili, akisoma zaidi ya kuandika na akiweka akilini jina la kila anayeuliza swali zuri. Miongoni mwa hao amwombe mmoja awe mwenza wake. Sioni sababu ya kumhimiza aende kwenye kikao kabla damu yake haijaongezeka, kikao kitamsubiri. Mzazi wa mtoto na abadilishe mpangilio huo, familia nyingine iwe ya kwanza baada ya daktari. Anayeishi peke yake na hajui kupika akimbilie kikao hata kama ni mbali, kwa kuwa shida yake iko mikononi. Aliyeko nje ya mji, Narok au Nyahururu kunakolimwa ngano na ambako kila mashine imesaga ngano, atamhitaji zaidi mwenza wa simu mwenye subira, na huenda akalazimika kununua kinu kidogo cha mkono. Na mtu ambaye bado ana wasiwasi tu, hajapimwa, asijiunge na chochote kwanza. Aende akaombe kipimo cha tTG-IgA pamoja na kile cha jumla ya IgA, yaani kiasi chote cha kingamwili za aina hiyo mwilini, akiwa bado anakula mkate.

Ukishampata mwenza, mkutano wa kwanza usifanyike mkahawani. Mwite kwako, mfungulie makabati, na umwache ashike kila kitu. Atatoa kibao cha chapati na kifimbo chake, kwa kuwa mbao zilizopasuka hushika unga usiotoka kwa kuoshwa, na atatoa mwiko wa zamani na chekecheke ya unga. Sufuria za chuma na sahani za udongo zinazong'aa ataziacha zioshwe vizuri kwa maji moto na sabuni. Atanusa kopo la viungo, atageuza pakiti ya mchuzi asome nyuma, atauliza siagi hii hupakwa na nani na kwa kisu gani. Kisha atafungua debe la unga wa mahindi, aingize mkono, na kukuuliza ulisagwa wapi.